Tundu Kwenye Ubao wa Korongo

Sehemu ya Tano

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, nitakueleza kwa ufupi, kisha tuendelee.

Mimi ni Ezell Pruitt, shemasi wa kanisa la Kibaptisti la Mlima Nebo hapa Port Harlan, Ohio. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kukaa ndani ya ubao wa matokeo kwenye uwanja wa besiboli, mwisho kabisa wa kiwanja, na kutundika namba za bati kwenye madirisha yake kila timu inapopata alama. Watu elfu sita waliziona namba zangu. Mimi hawakuniona.

Timu yetu, Korongo, imeuzwa. Inahamia Laredo Springs, Texas, pamoja na jina lake, kofia zake na vitabu vyake vyote vya kumbukumbu. Jumapili ile tulicheza mchezo wa mwisho, tukashindwa. Ubao wangu nao uliuzwa. Utasimamishwa kwenye ukumbi wa uwanja mpya kama pambo. Winchi ilikuwa ije kuuchukua Jumamosi.

Mwanangu wa pekee, Dorsey, alikuwa hajasema nami kwa miaka tisa. Nyumba aliyokulia niliiuza baada ya kumzika mama yake, nikapanga chumba juu ya kinyozi, na hakuna aliyemwambia. Mahali pekee alipojua kunipata ni ndani ya ubao ule. Ubao ukiondoka, nami nimempotelea moja kwa moja.

Ndiyo maana nilimwandikia barua. Barua ya kwanza ya maisha yangu, kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa na miaka hamsini na minane.

Sasa nisameheni, nirudi nyuma. Wiki iliyopita niliandika kwamba mimi na Dorsey tuligombana "kwa sababu ya mchezo tu." Nilificha. Nimeomba kwa magoti siku tatu, na Mungu hakunipa njia nyingine ila kusema.

Kwenye ubao ule kulikuwa na tundu.

Lilikuwa kati ya dirisha la saba na la nane, kubwa kama yai. Kocha wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyelitoboa.

Sikilizeni jinsi lilivyofanya kazi. Katika besiboli, mrushaji humrushia mpigaji mpira. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji. Kabla ya kila mpira, mdakaji humwonyesha mrushaji vidole, chini kati ya mapaja yake. Kidole kimoja ni mpira wa kasi, ulionyooka. Viwili ni mpira wa kupinda. Mpigaji havioni vidole hivyo, maana amempa mgongo mdakaji. Lakini mtu aliye mbali ukutani, akitazamana nao, akiwa na darubini, anaviona kama vidole vyake mwenyewe.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Shemasi," kocha aliniambia, "ukiona viwili, tikisa bati la dirisha la nane. Ukiona kimoja, usifanye kitu. Wapigaji wetu wataelewa."

"Huo ni wizi, kocha."

"Ni namba tu zinapigwa na upepo."

"Na nikikataa?"

"Watu wanaojua kuhesabu hadi tisa ni wengi mjini."

Nikatikisa. Misimu mitatu nilitikisa. Jumapili nilitoka madhabahuni, nikavua tai, nikaingia ndani ya bati, nikatikisa.

Kisha mwaka wa sitini na mbili, mwezi wa nane, timu ya Galloway ikaja mjini. Mrushaji wao alikuwa Dorsey.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kasi ya mkono wake ilikuwa ya kutisha. Msaka vipaji wa ligi kuu alikuja kumtazama, amekaa nyuma ya wavu na daftari mapajani. Mke wangu Odessa alikuwa safu ya tatu, na ile kofia yake ya njano aliyoinunua kwa ajili ya Pasaka.

Siku ile nilikata shauri. Nilichukua darubini, nikaiweka chini, nikaifunika kwa ndoo, nikakaa juu ya ndoo. Nikamwambia Mungu, "Baba, leo mikono yangu ni safi. Sitamgusa mwanangu."

Sikumwambia kocha. Sikumwambia mtu. Niliogopa kufukuzwa. Nilisema moyoni, nikitulia tu, nani atajua?

Zamu ya pili, mpira wa kwanza ukaruka juu ya ukuta. Wa pili ukagonga bati juu ya kichwa changu, ubao mzima ukalia kama kengele. Wa tatu sikuuona uliangukia wapi.

Alama sita kwa zamu moja. Nami ndiye niliyetundika ile sita. Nilisimama nyuma yake nikiisikia ikining'inia.

Nilipochungulia, msaka vipaji alikuwa amefunga daftari. Dorsey alikuwa anatoka kiwanjani. Hakumtazama kocha wake. Alikuwa anautazama ubao.

Baada ya mchezo nikasikia mlango wangu wa bati. Mbili, kisha moja. Hivyo ndivyo alivyobisha tangu utotoni, alipokuwa ananiletea chakula na kubaki kunishikia namba.

Hakuingia.

"Baba, uliwaambia?"

"Sikugusa kitu, mwanangu. Mungu ni shahidi."

"Hukugusa kitu."

"Hata bati moja."

"Nimekulia humu ndani, baba," akasema.

Akaondoka. Niliona ameniita mwongo mbele ya Mungu. Mimi, shemasi, siku ile niliyokuwa msafi kuliko siku zote! Nikasema moyoni, siku atakayorudi kuomba radhi nitampokea. Miaka ikapita. Kwenye mazishi ya mama yake alisimama upande wa pili wa kaburi, akaondoka kabla ya chakula.

Sasa mnajua kilichokuwa ndani ya barua.

*

Jumatatu nilimpelekea Mwalimu Tibbs aikague. Hufundisha watu wazima kusoma, chini ya kanisa letu, Jumatatu na Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ni binti wa miaka thelathini, na ananiogopesha kuliko mchungaji.

Alisoma, akavua miwani.

"Shemasi, hii ni barua ya msamaha au ya mashtaka?"

"Msamaha, mwalimu. Mstari wa kwanza. Nimeandika, nimekusamehe."

"Ndiyo. Kisha mistari kumi na moja unamweleza alivyokukosea."

"Lazima ajue ninachomsamehe."

"Ameomba?"

"Nani?"

"Mwanao. Ameomba msamaha huo?"

Wanafunzi wenzangu walikuwa wanasikiliza. Ndugu Hosea, anayefagia posta, akakohoa makusudi.

"Mwandiko ni mzuri sana," Mwalimu Tibbs akasema kwa upole, akanirudishia. "Kaa nayo siku mbili."

Sikukaa nayo. Jumanne asubuhi niliituma. Anwani nilipewa na Dada Arzella wa kwaya. Mpwa wake anaendesha gari la mikate kule Dayton, kampuni moja na Dorsey. Nyuma ya bahasha niliandika E. Pruitt, Uwanja wa Korongo. Maneno hayo nayajua vizuri, yameandikwa getini.

Nilitembea kurudi uwanjani nikiimba.

*

Alhamisi wakaja kung'oa kibao cha nyumbani.

Huu ni utaratibu wa timu zinazohama. Kile kibao cheupe chenye pembe tano anaposimama mpigaji huchimbwa, hufungwa kwa blanketi, na kupelekwa mji mpya kikafukiwe huko. Wanasema bila hicho timu haijahama, imekufa na kuzaliwa nyingine.

Msimamizi wa kung'oa alikuwa Buck Sorley. Zamani mpigaji wetu hodari, siku hizi msaidizi wa kocha, tumbo limemtangulia.

"Shemasi wa Bati!" akapaza sauti. "Bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie, Buck, unipangie foleni."

"Aa wapi! Mimi huko uendako wewe sitaruhusiwa hata getini. Njoo Texas, mzee. Kuna joto, kuna nyama. Tutakuweka kwenye kiti kando ya ubao wako, watoto wapige picha."

"Niwekwe kama sanamu?"

"Sanamu inayokula bure. Unakataa nini? Hapa una nani?"

Hakukusudia ubaya. Nikatazama viti. Wapenzi wa timu walikuwa wamekwisha kung'oa vingine Jumapili, wengine wakachota udongo kwa makopo ya kahawa. Safu ya tatu ilikuwa na mapengo.

"Kuna mtu namngoja," nikasema.

Wakachimba. Kibao kilipotoka, koleo likagonga kitu kingine chini. Wakafukua. Kilikuwa kibao cha zamani, cha mbao, kimeoza pembeni, kimechongwa neno MILLBROOK.

"Hiki nini tena?" Sorley akauliza.

Nilijua, ila nilikuwa nimesahau. "Korongo hawakuzaliwa hapa. Tuliwachukua Millbrook mwaka wa thelathini na nane. Kibao chao tukakifukia, tukaweka chetu juu."

"Na watu wa Millbrook wakasemaje?"

"Hatukuwauliza."

Sorley akacheka, akakaa kwenye nyasi, akanimegea nusu ya mkate wake wa nyama. Tukala. Alikuwa anautazama ubao kule mwisho, jua limeupiga.

"Nitakuambia kitu, Shemasi. Nimecheza miaka kumi na minne. Siku yangu bora kuliko zote ni ile mwaka wa sitini na mbili. Galloway. Niliupiga mpira ukagonga bati juu ya kichwa chako. Unakumbuka?"

Nikauweka mkate chini.

"Nakumbuka."

"Tulijua wote kwamba mrushaji ni mwanao. Kwenye benchi tulisema, leo mzee atatudanganya. Atatikisa ovyo ovyo, tutachanganyikiwa. Nani angekulaumu? Ningekuwa mimi, ningetikisa mpaka misumari itoke."

"Buck..."

"Ngoja. Mpigaji wa kwanza akatazama bati, limetulia. Kocha akasema, likitulia ni kasi. Akangoja kasi, ikaja kasi. Kwaheri. Nikaingia mimi. Bati limetulia. Nikangoja kasi." Akapiga makofi mara moja. "Kijana alikuwa na kasi tu siku ile, mzee. Mkono wake haukutoa kingine. Kila mpira bati likisema kasi, kasi, kasi. Hukukosea hata mmoja!"

Akavua kofia yake. Kweli kabisa, akaivua, akaishika kifuani.

"Tulikuheshimu sana. Tukasema, huyu ndiye mtu wa timu. Ameweka Korongo mbele ya damu yake."

Nikasikia sauti yangu ikitoka mbali.

"Sikuwa natazama, Buck. Darubini ilikuwa chini ya ndoo. Nilikuwa nimekaa juu yake."

"Nini?"

"Nilikataa. Siku ile nilikataa. Ndiyo maana bati halikutikisika."

Alinikodolea macho. Kofia bado iko kifuani.

"Ulimwambia nani kwamba umekataa?"

"Sikumwambia mtu."

"Lo." Akaivaa kofia polepole. "Basi ungemwambia mtu, mzee. Sisi tungejuaje? Kutulia kwako kulikuwa neno. Wewe mwenyewe ulitufundisha."

Akaona uso wangu, akainuka, akaenda kuwapigia kelele vijana wake bila sababu.

Nikabaki na vibao viwili, kipya na cha kale, vimelala kwenye majani.

*

Mtaniuliza, Shemasi, kweli hukujua? Wewe uliyetikisa misimu mitatu? Wewe uliyeambiwa kwa kinywa cha kocha, ukiona kimoja usifanye kitu?

Hapo ndipo penye ungamo langu.

Nilijua.

Sikujua kwa kichwa, nilijua kwa tumbo. Ule mpira wa kwanza uliporuka, tumbo langu liliniambia, inuka, tikisa, fanya lolote. Ningeweza kutikisa mara moja tu, na Buck Sorley asingejua angoje nini. Lakini nilijiambia kwamba nimemwahidi Mungu kutogusa kitu, na ahadi ni ahadi. Nilitaka mwana, nikataka na kibarua. Kukaa juu ya ndoo kulinipa vyote viwili, au ndivyo nilivyodhani. Kisha nikamtwisha Mungu ushahidi.

Dorsey alipoambiwa "sikugusa hata bati moja," alielewa palepale, maana alijua bati likitulia ni kasi. Hakuniita mwongo. Aliniamini. Nilikuwa nimekiri mbele yake kwa mdomo wangu mwenyewe, na mimi sikusikia nilichosema.

Na sasa nilikuwa nimemwandikia kwamba nimemsamehe.

Jioni ile niliingia darasani nikakaa kiti cha nyuma. Mwalimu Tibbs hakuniuliza mbele ya watu. Wenzangu walipotoka akaja.

"Imeshaondoka?"

"Jumanne."

"Ulikosea maneno?"

"Maneno yako sawa, mwalimu. Mwandishi ndiye mbovu."

Nikamwambia yote. Hakunipoza, na namshukuru. Alichomoa karatasi, akaiweka mbele yangu, akachonga penseli.

"Andika nyingine. Fupi."

Ya kwanza ilinichukua wiki mbili. Hii ilikuwa na mistari mitatu, na kwa uzito wake ni kama ilinichukua muda uleule. Niliikunja, nikaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Sikuituma. Niliogopa isifike kabla ya ile mbaya.

*

Ijumaa nikaenda kwa kinyozi chini, nikaomba simu. Nikapiga kampuni ya mikate, Dayton. Mwanamke akapokea, nyuma yake mashine zinaunguruma.

"Namtafuta Dorsey Pruitt, dada."

"Hayupo leo, baba. Ameomba ruhusa."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ana msiba, maskini. Jana alipata barua. Hata hakumaliza kupakia gari."

"Msiba wa nani?"

"Baba yake."

Nikashika ukuta.

"Halo? Wewe ni nani, nimwambie nani amepiga?"

Kinyozi alikuwa amesimamisha mkasi. Mteja wake naye amegeuza shingo na sabuni shavuni.

"Mtu aliyemfahamu zamani," nikasema, nikaweka simu.

Nilipanda chumbani, nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Amesoma mistari yangu kumi na miwili, kisha akawaambia watu baba yake amekufa. Amenizika. Ana haki. Ningekuwa yeye ningechimba shimo refu zaidi.

Nilijaribu kuomba. Miaka yote naomba kwa sauti, kanisa linaitikia amina. Siku ile maneno hayakuja. Nikakaa tu mbele za Mungu kama mtu aliyeitwa ofisini. Nikaona kwamba tangu Odessa aondoke, sikuwa nimekaa na mtu yeyote hivyo, kimya, bila namba mkononi.

Nikasema hatimaye, "Bwana, sikuombi anisamehe. Naomba nisife nikiwa nimemsamehe."

Sijui kama hilo ni ombi sahihi. Ndilo lililokuja.

*

Jumamosi winchi ilikuja saa tatu asubuhi.

Nilikuwa nimekwisha ingia ndani ya ubao. Nilimwambia Sorley nataka kutoa vitu vyangu. Vitu gani? Ndoo. Kiti cha Odessa, maana mwaka wa mwisho alipokuwa mgonjwa alipenda kukaa nami kwenye kivuli. Radio ndogo. Namba zote waliniambia niziache, ni mali ya Texas.

Lile tundu lilikuwa palepale. Niliweka jicho. Kule mbali, kibao kilipokuwa, kulikuwa na shimo la udongo mwekundu, na hakuna mtu.

Nje walikuwa wanapitisha minyororo chini ya ubao. Bati likawa linalia.

"Mzee Pruitt!" Sorley akaita. "Dakika kumi, bwana! Dereva analipwa kwa saa!"

"Natoka!"

Nikainua ndoo. Chini yake hapakuwa na kitu, ila nilitazama.

Ndipo nikasikia mlango.

Mbili. Kisha moja.

Sikuamini. Nilidhani ni minyororo. Nikasimama na ndoo mkononi kama mpumbavu.

Mbili. Moja.

"Fungua basi," sauti ikasema. "Kama umo."

Nikafungua.

Alikuwa amenenepa kidogo. Ana mvi juu ya sikio la kushoto, mwanangu, mvi! Amevaa suti nyeusi na tai nyeusi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la kiwanja kizima.

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaegemea fremu ya mlango, akafunika macho kwa mkono.

"Uko hai," akasema.

"Niko hai."

"Uko hai, mzee huyu. Nimeendesha gari saa mbili na nusu nikifikiria nitakuzika na suti gani."

"Nani alikuambia nimekufa?"

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha. Niliijua kabla hajaigeuza. Ilikuwa imekunjamana pembeni kwa kushikwa sana.

Ilikuwa haijafunguliwa.

"Ilikuja Alhamisi," akasema. "Nyuma imeandikwa E. Pruitt, mwandiko siujui. Nikasema, baba yangu hajui kuandika. Mama ndiye aliyekuwa anamwandikia, na mama hayupo. Basi nani anatumia jina lake? Nikajua ni mchungaji, au mtu wa uwanjani, ananiarifu. Sikuweza kuifungua, baba. Niliiweka juu ya meza nikazunguka meza. Nikaona bora nije nione kwa macho."

"Dorsey..."

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Acha hizo."

"Mimi, mwanangu. Nasoma jioni, kanisani. Mwaka wa pili sasa."

Akaitazama bahasha upya. Akapitisha kidole gumba juu ya jina lake, taratibu, herufi moja moja, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijakiona tangu akiwa mtoto, nilipomwacha atundike namba yake ya kwanza peke yake.

"Hii D umeichora wewe?"

"Nimeirudia mara nyingi."

"Mama angepiga kelele mtaa mzima."

"Angepiga."

Akaingia ndani. Akainama, maana mlango ule ni mfupi. Akakiona kiti cha mama yake, akakigusa, akakaa. Magoti yake yalikuwa karibu na yangu. Tulikuwa tumekaa hivyo mara mia, yeye akiwa na miaka tisa, kumi, tukingoja zamu iishe.

"Dakika tano, Shemasi!" Sorley akapaza sauti nje. "Kuna nani humo na wewe?"

Dorsey akaninyooshea bahasha.

"Nisomee."

"Mwanangu, si lazima..."

"Sijawahi kukusikia ukisoma, baba. Hata jina la mtaa. Nisomee kwa sauti yako, kisha tukanywe kahawa, na haya mengine tutajua."

Nikaipokea. Kwenye mfuko wa shati langu, upande wa moyo, ile ya mistari mitatu ilikuwa inanichoma kama kaa la moto. Ndani ya ile niliyoshika hakuna aliyejua kilichomo isipokuwa mimi, Mwalimu Tibbs na Mungu. Ningeweza kuichana. Ningeweza kusema, hii ni ya zamani, hebu nikusomee nyingine. Ningeweza kufungua hii na kutamka maneno ya ile, naye angeamini, maana macho yake yalikuwa kwenye uso wangu, si kwenye karatasi.

Ningeweza pia kutogusa kitu. Kukaa kimya tu, mpaka winchi itutoe.

Nikafungua bahasha. Nikakunjua karatasi. Mikono ilitetemeka mpaka bati la dirisha la nane, lililokuwa karibu na bega langu, likaanza kutetemeka nalo.

Dorsey akalitazama bati lile. Akanitazama mimi.

Nikasoma, neno moja moja, jinsi nilivyofundishwa.

"Mwanangu Dorsey. Nimekusamehe."

Tabasamu likabaki mdomoni mwake kidogo, kama limesahauliwa hapo. Kisha likaondoka.

"Umenisamehe," akasema. "Mimi?"

Nje mnyororo ukakaza. Sakafu ikainuka kidogo upande mmoja, ndoo ikabiringika hadi miguuni pake, na mwanangu akasimama.